Mgeni Ndani ya Kichuguu cha Athieno

Kule Nagongera, mvua ikinyesha usiku na jua kali likatoka asubuhi, watu hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana habari za vichuguu.

"Chako kimefungua?"

"Bado. Chako je?"

"Mchwa wameanza kutoboa. Leo ni leo."

Msimu wa kumbikumbi ukifika, hata mvivu huamka mapema. Kumbikumbi wakikaangwa kwa chumvi kidogo, mtu anasahau nyama. Wapo wanaoruka wenyewe jioni. Lakini wapo wengine wanaotaka kuitwa. Watu hufunika kichuguu kwa blanketi ili ndani kuwe giza, kisha hupiga fimbo kavu juu ya gogo, ta-ta-ta-ta, bila kupumzika. Kumbikumbi wakisikia, wanadhani mvua inanyesha. Wanatoka wote, wanateremka, na wanaangukia ndani ya shimo dogo lililochimbwa mlangoni mwao. Kazi ya binadamu ni kuchota tu.

Alhamisi moja Athieno alishindwa hata kumaliza chai yake. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa furaha. Tangu aolewe na Ogwang, mwaka wa nane sasa, alikuwa akipiga fimbo kwenye kichuguu cha mama mkwe wake, Anjeline. Kupiga tu. Kuchota, hapana. Katika boma lile, kumbikumbi wa kwanza huchukuliwa na mwenye kichuguu mwenyewe, kwa mkono mtupu. Ndiyo desturi yao, na Anjeline hakuwa mtu wa kuchezewa desturi.

Lakini mwaka huu magoti ya Anjeline yalikataa kuinama. Basi akamwita Athieno, akamwambia, "Kichuguu ni yako sasa. Mkono wa kwanza ni yako."

Athieno alipiga magoti akashukuru kwa adabu zote. Kisha akaenda nyuma ya jikoni akacheza peke yake. Hakuna aliyemwona isipokuwa mbwa wao, Watasema.

Jina hilo mbwa alipewa na Ogwang. Walipomleta nyumbani akiwa mdogo na mwembamba, majirani walicheka sana. Ogwang akasema, "Waache waseme. Na mbwa mwenyewe ataitwa Watasema." Sasa amekuwa mbwa mkubwa, mwekundu, sikio moja limesimama na moja limelala.

Athieno alikuwa amejiandaa vya kutosha. Kwa mwezi mzima alikusanya vitu kando ya kichuguu ili siku ikifika asihangaike. Kulikuwa na mabati ya zamani, rundo la fimbo, nyasi kavu na mablanketi mawili yaliyochakaa. Hapohapo pia ndipo alipokuwa anaketi kubambua karanga, kwa sababu palikuwa na kivuli kizuri. Maganda yalikuwa yamejaa hadi kwenye kifundo cha mguu. Panya walikuwa wanapita humo mchana kweupe, na Athieno alikuwa anawatazama tu. Akili yake yote ilikuwa kwa kumbikumbi.

Watoto, Akumu na wadogo zake, walikuwa shuleni. Ogwang alikuwa kwenye matofali yake kule bondeni. Jirani yake, Akullo, alikuja kusaidia kupiga fimbo. Anjeline aliketi kwenye kiti mlangoni kwake, anatazama kila kitu kama refa.

Wakafunika kichuguu. Wakaanza kupiga. Ta-ta-ta-ta.

Watasema hakutulia. Alizunguka kichuguu mara tatu. Alinusa tundu moja la pembeni, akarudi nyuma, akabweka.

"Nyamaza wewe," Athieno alisema. "Unafukuza chakula."

Mbwa akabweka tena.

"Huyu mbwa ana wivu," Akullo alisema, huku anapiga. "Angalia, wanatoka. Nasikia mabawa."

Kweli, chini ya blanketi kulikuwa na sauti laini ya mabawa. Athieno alihisi nywele zikimsimama kwa furaha. Akachukua beseni. Akakunja mkono wa gauni. Akapiga magoti, akainua ncha ya blanketi, akaanza kuingiza mkono wake wa kulia gizani.

Mkono haukufika. Watasema alijitupa mbele yake, akampiga kikumbo, na Athieno akaanguka chali na beseni lake. Papo hapo kitu cheusi kikainuka chini ya blanketi. Kilisimama kama ngumi, shingo imetanuka. Kikatema.

Mbwa alilia vibaya sana. Akajiviringisha chini, akawa anajikuna macho kwa miguu ya mbele. Nyoka akashuka taratibu, akarudi ndani ya lile tundu la pembeni, mkia ukamalizikia humo.

Akullo alikuwa tayari yuko mbali, kwenye mihogo. "Nyoka iko ndani ya kichuguu," alisema, ingawa wote walikuwa wamemwona.

Athieno alimshika mbwa, akamvuta hadi kwa Anjeline, mbali na kichuguu. Macho ya Watasema yalikuwa yamefumbika na yanatoa machozi.

"Niletee tumbaku," Akullo alisema. "Tunatafuna, tunamtemea machoni. Babu yangu alifanya hivyo."

"Ngoja kwanza," Athieno alisema. Alikumbuka kadi ya chanjo ya mbwa. Mwezi uliopita dada mmoja wa mifugo kutoka Busia, Loy, alikuja kuchanja mbwa wa kijiji, akaandika namba yake ya simu nyuma ya kila kadi. Athieno akapiga.

"Dada Loy, nyoka ametemea mbwa wangu machoni."

"Kuna mtu ametemewa pia?"

"Hapana. Mbwa tu."

"Sawa. Una maji safi?"

"Yapo, jerikeni nzima."

"Mwoshe macho sasa hivi. Mimina polepole, lakini usiache. Robo saa nzima. Usimsugue, na usimwache ajikune. Usiweke kitu kingine chochote."

"Jirani anasema tumbaku."

"Tumbaku itaunguza jicho ambalo tayari linaungua. Maji tu. Na wote mkae mbali na huyo nyoka, hatua kumi au zaidi. Niko hapa sokoni Nagongera, nakuja."

Akullo alishika miguu ya mbwa. Athieno alimimina. Jerikeni ya kwanza ikaisha, Anjeline akasukuma ya pili kwa fimbo yake. Walimimina hadi gauni la Athieno likalowa lote. Mbwa akaacha kulia, akabaki anaguna tu.

Pikipiki mbili zilifika karibu pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Loy. Ya pili ilikuwa imempakia Ogwang, jembe begani, matope hadi magotini. Habari zilikuwa zimemfikia bondeni.

Ogwang alimpapasa mbwa kichwani bila kusema neno. Kisha akasema mengi.

"Hii kichuguu naimaliza leo. Namwaga petroli, nawasha. Halafu nachimba. Nimesema siku nyingi, udongo ya kichuguu ni matofali mazuri."

Hiyo ndiyo hofu ya Athieno ya miaka yote. Ogwang hakuwa mtu mbaya, lakini kila alipopita pale alikuwa anapiga udongo ule kwa kisigino, anaona tofali. Na sasa amepata sababu.

"Baba Akumu, hicho kichuguu ni changu," alisema. "Nimepewa msimu huu tu. Sijachota hata mkono mmoja."

"Na ungechota leo, tungekuwa wapi saa hii?"

Ilikuwa kweli.

Loy alikuwa amechuchumaa, anatazama macho ya mbwa kwa tochi ndogo. Alipaka dawa ya macho aliyokuja nayo. "Macho yatapona," alisema. "Mmeyaosha haraka, hilo ndilo limemwokoa. Mpake dawa hii mara tatu kwa siku, na mfungeni kivulini." Akasimama, akamgeukia Ogwang. "Kaka, huyo nyoka ni swila. Anatema sumu hadi hatua tatu au nne, na analenga macho. Ukienda kumchimba na jembe, utasimama hatua ngapi?"

Ogwang alitazama jembe lake. Mpini wake ulikuwa mfupi.

"Watu wengi huumwa wakati wanajaribu kumuua nyoka au kumshika," Loy aliendelea. "Aliyemwacha na njia yake hana vita naye. Na petroli ukimwaga, mchwa wote watakufa, nyoka atatokea tundu la pili akiwa na hasira. Umepoteza kichuguu na bado una nyoka."

"Kwa hiyo tumkaribishe chai?" Ogwang aliuliza.

Akullo alicheka. Loy naye akacheka. "Tayari mmemkaribisha. Njooni niwaonyeshe, lakini tusimame hapa hapa."

Akanyoosha kidole. "Kichuguu hakikumwita. Maganda ya karanga ndiyo yamewaita panya, na panya ndio chakula chake. Mabati na nyasi vimempa nyumba baridi. Mvua imeleta vyura, anawapenda sana. Mgeni gani angeondoka hapo?"

Athieno aliona aibu hadi masikioni. Rundo lile lote alikuwa amelipanga yeye, kwa mikono yake, kwa furaha.

"Sasa atatokaje?" aliuliza.

"Mnyime chakula na kivuli, mwache kimya, mpe njia. Ataondoka mwenyewe. Anaogopa watu kuliko mnavyomwogopa."

"Lini?"

"Hilo hajaniambia."

Ogwang alitema mate chini. "Jumatatu," alisema. "Nakupa hadi Jumatatu asubuhi, mama Akumu. Akiwa bado iko hapo, siwashi moto, lakini naleta watu wenye majembe marefu. Mimi nina watoto hapa."

Hakuna aliyembishia. Hata Athieno aliona anazungumza kama baba.

Ijumaa Athieno na Ogwang walifanya kazi. Loy alikuwa amewaeleza jinsi ya kuifanya. Walivaa buti za mpira na suruali nene, na Ogwang aliazima miwani ya mchomeleaji vyuma. Walipiga ardhi kwa miguu wakikaribia, ili nyoka asikie na asishtuke. Bati hawakuliinua kwa mkono. Walilivuta kwa ndoana iliyofungwa kwenye mti mrefu, ncha ya mbali kwanza, ili nyoka akiwapo atokee upande wa pili. Chini ya bati la tatu walikuta viota viwili vya panya. Maganda ya karanga walihamishia kwenye shimo la mbolea, mbali na nyumba. Karanga zenyewe zikaingia kwenye pipa lenye mfuniko. Nyasi zikakatwa fupi pande zote, ila upande mmoja wa kuelekea kinamasi. Huko waliacha ukanda mmoja wa majani marefu.

"Ndiyo njia yake," Athieno alimweleza Akullo, kama vile yeye ndiye aliyeigundua.

Kisha akaja na majivu. Loy alimfundisha hilo pia. Kwa kutumia ungo uliofungwa kwenye mti mrefu, Athieno alinyunyiza safu nyembamba ya majivu mbele ya kila tundu. Nyoka akipita, tumbo lake litaacha alama.

Jumamosi asubuhi alikwenda kutazama kabla hajawasha moto. Kulikuwa na mstari uliopinda juu ya majivu. Nyoka alikuwa ametoka usiku. Lakini kulikuwa na mstari wa pili. Alikuwa amerudi.

Athieno aliketi kwa Anjeline akiwa amekata tamaa. Kwa mbali fimbo zilikuwa zinalia kwenye vichuguu vya watu. Ta-ta-ta-ta. Kila mtu anachota isipokuwa yeye.

"Mama, labda nimwache tu Ogwang achimbe."

Anjeline aliweka mkono wake wa kulia juu ya goti la Athieno. Kidole kimoja cha mkono ule kilikuwa kimekauka na kupinda tangu zamani. Athieno alikijua. Kila mtu alikijua. Aliungua kwa sufuria, ndivyo alivyosema siku zote.

"Hii si sufuria," Anjeline alisema.

Athieno alimtazama.

"Ni hapo." Alielekeza kichuguu kwa kidevu. "Kabla Ogwang hajazaliwa. Niliingiza mkono kama wewe juzi. Giza, kumbikumbi wengi, furaha nyingi. Nikasikia kama mwiba. Nilijua ni nini. Nikanyamaza."

"Kwa nini, mama?"

"Mume wangu angeichoma. Na mimi, mwanamke niliyeolewa huku, hiyo kichuguu ndiyo kitu pekee nilisema ni yangu. Nililala siku tano nyumbani. Mkono ulivimba hadi begani, nyama ikaoza. Walinichanja kwa wembe, wakaniwekea majani. Mungu alitaka tu nibaki." Alivuta pumzi. "Na juzi nilikaa hapa, nikakuona unaingiza mkono, na sikusema. Nilisema moyoni, desturi ni desturi. Mbwa alikuwa na akili kunishinda."

Machozi yalimtoka yule mzee mkali. Athieno alimshika mkono, na yeye pia akalia.

Jioni Loy alipokuja kumtazama mbwa, Anjeline alimweleza yote, mbele ya Ogwang, bila kuficha. Ogwang alikitazama kile kidole kama hajawahi kukiona. Loy alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, umesema jambo kubwa," alisema. "Mtu akiumwa, asinyamaze hata dakika moja. Asichanje, asinyonye, asifunge kamba ya kukaza. Avue pete na bangili kabla hajavimba. Mkono au mguu ulioumwa usitikiswe, ufungwe kwenye kijiti kama uliovunjika. Apelekwe hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka, moja kwa moja. Msipoteze muda kumtafuta nyoka."

"Na ikiingia nyumbani?" Anjeline aliuliza.

"Toeni watoto na wanyama. Mtu mmoja amwangalie kwa mbali ajue alipo. Pigieni watu wa wanyamapori, wao wanajua kumshika. Msimchokoze."

Ogwang akasema, "Lakini Jumatatu ni Jumatatu."

Jumapili asubuhi wengine walikuwa wanavaa nguo za kanisani. Athieno alikuwa amesimama hatua kumi na tano kutoka kichuguu, kitambaa kichwani, Biblia kwapani. Jua lilikuwa linachomoza. Majivu aliyonyunyiza upya Jumamosi jioni yalikuwa safi bado.

Akamwona.

Kichwa kilitoka kwanza, kikangoja. Kisha mwili ukafuata, mrefu, mweusi, unang'aa. Athieno alitaka kukimbia na alitaka kupiga kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama kimya, mkono mdomoni. Nyoka alipita juu ya majivu, akazunguka pale palipokuwa na maganda, akakuta ardhi tupu iliyofagiliwa. Alipita palipokuwa na mabati, nako kweupe. Akaingia kwenye ule ukanda wa majani marefu, na majani yakatikisika hadi chini kinamasini. Huko panya na vyura walikuwa tele, na hakuna mtu anayelima.

Kanisani siku hiyo Athieno aliimba hadi watu wa benchi la mbele wakageuka kutazama.

Usiku mvua ilinyesha. Alfajiri Ogwang alimkuta mkewe tayari yuko nje, anatazama chini. Athieno alikuwa amenyunyiza majivu mapya jana saa za jioni, na tundu la pembeni ameliezekea kwa bati juu ya mawe, ili yasilowe na nyoka apate kupita. Ogwang alilivuta bati kwa mti wa ndoana, jembe liko begani.

Majivu yalikuwa laini. Hayakuwa na alama hata moja.

Ogwang alichuchumaa akayakagua. "Anaweza kurudi," alisema.

"Anaweza. Au aje mwingine. Loy alisema hivyo. Ndiyo maana hapa patafagiliwa kila wiki, si mara moja tu."

Ogwang alishusha jembe. Akaliegemeza kwenye ukuta. Kisha akainama, akachukua fimbo mbili kavu, akazipima mkononi.

"Jua likishika, mnaniita," alisema. "Nyinyi wanawake mnapiga polepole. Kumbikumbi wanalala."

Saa nne jua lilishika. Safari hii Watasema alifungwa kivulini. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunguka, mekundu kidogo, na hakuna alichokosa kuona. Blanketi lilikung'utwa kwa mti mrefu kwanza, kisha likatandikwa. Shimo la kuchotea lilichimbwa nje ya blanketi, juani, mahali panapoonekana hadi chini. Athieno alivaa buti. Mkononi alikuwa na kibuyu nusu kilichofungwa kwenye fimbo ndefu kuliko yeye.

Ogwang na Akullo wakapiga. Ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta. Jasho likawatoka. Ogwang akaanza kuimba, vibaya, na Akullo akamjibu.

Mmoja akatoka. Wakatoka watano. Halafu wakamwagika kama mtama kutoka kwenye gunia lililotoboka, mabawa yanang'aa, wanaangukiana, shimo likajaa. Athieno alichota, akamimina kwenye beseni, akachota tena. Alikuwa anacheka na hawezi kuacha. Beseni likajaa, wakaleta sufuria. Sufuria ikajaa, Akullo akavua kitenge chake cha juu wakafungia humo. Watasema alikuwa anabweka, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

Athieno alipeleka beseni la kwanza kwa Anjeline, akapiga magoti.

"Mama, sikuchota kwa mkono," alisema. "Nimevunja desturi."

Anjeline hakutazama kumbikumbi. "Lete mikono," alisema.

Athieno alinyoosha mikono yote miwili, imejaa vumbi na mabawa. Anjeline aliishika, na kwa kile kidole chake kilichopinda akaanza kuhesabu. Kimoja. Viwili. Vitatu. Alihesabu polepole, anagusa kila kimoja, hadi akafika kumi.

"Vyote viko," alisema. "Hii ndiyo desturi sasa."

Kisha akachukua kumbikumbi mmoja, akamng'oa mabawa, akamtupia Watasema kwanza.